Je, Upole wa Kikristo Unataka Niwe Mtu Mwingine?

Barua

Bwana Yesu asifiwe, Mama. Shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina umri wa miaka 36, na nilimpokea Bwana miaka 5 iliyopita. Tangu utotoni nimekuwa mtu wa kusema. Kwetu, aliyetaka kujua ukweli wa jambo aliniuliza mimi, na nilipocheka hata majirani walijua kwamba nimefurahi. Nilipookoka sikudhani kwamba hilo lingekuwa tatizo, kwa sababu kanisani walilipenda. Nilipewa kazi ya kukaribisha wageni, na baada ya mwaka mmoja wanawake wa kikundi chetu walinichagua kuwa mhazini, wakisema kwamba mtu asiyejua kuficha maneno hawezi kuficha fedha.

Mambo yalianza kuharibika miaka 2 iliyopita. Katika kikao cha mwezi nilikuwa nasoma orodha ya michango, na nilipofika kwenye jina la dada mmoja nilisema kwa sauti kwamba huyu ana deni la miezi 3, na kwamba kila mwezi anatuletea maelezo badala ya mchango. Watu walicheka kidogo. Yeye hakucheka. Aliinama, akawa anafungua na kufunga kifungo cha mkoba wake, akafungua, akafunga, mpaka nikamaliza orodha, na kikao kilipokwisha akaondoka bila kuaga. Baadaye nilisikia kwamba mume wake alikuwa ameachishwa kazi. Hajarudi tena kwenye kikundi. Siku za ibada ninamwona akiketi nyuma kabisa, na kabla ya baraka ya mwisho anakuwa ameshatoka.

Wiki iliyofuata mwenyekiti wetu aliniita. Ni mama ninayemheshimu sana. Huzungumza taratibu, sijawahi kumsikia akipaza sauti, na akiomba watu hububujikwa na machozi. Aliniambia kwa utulivu wake ule ule, "Mwanangu, wewe umeokoka, lakini ulimi wako bado." Kisha akanisomea 1 Petro 3:4, mahali panapotaja "roho ya upole na utulivu, iliyo ya thamani kuu mbele za Mungu", akanishauri nijifunze kwa wanawake waliotulia. Nililia usiku ule, nikamwahidi Mungu kwamba nitabadilika.

Basi nikaanza kumfuatisha yeye. Nilijifunza kuzungumza kwa sauti ya chini, kutabasamu bila kuonyesha meno, na kufumba macho kidogo kabla ya kujibu. Mtu akinieleza shida yake, nilijibu kama anavyojibu yeye, "Bwana atafanya njia." Ilinichosha, lakini niliamini kwamba huko ndiko kuusulubisha mwili.

Mwezi uliopita tulikuwa na kikao cha kupanga sherehe ya mwaka. Mwenyekiti alipendekeza tuchukue fedha za mfuko wa wagonjwa na yatima tununulie sare, halafu tuzirudishe baadaye. Daftari lilikuwa mapajani pangu. Nilijua kwamba watu walitoa fedha zile kwa ajili ya wagonjwa, na nilijua kwamba kiasi kilichokopwa kwa namna hiyo mwaka uliotangulia hakijarudishwa mpaka leo. Aliponigeukia na kuuliza, "Mhazini anasemaje?", nilifumba macho kidogo, nikatabasamu, nikasema, "Ni sawa tu, Mama, kama ninyi mmeona vema." Tulipotoka nje, mama mmoja alinishika mkono akaniambia kwamba Mungu amenitendea makuu, kwani sasa nimetulia kweli.

Nilifika nyumbani nikamkuta binti yangu wa miaka 8 amemwaga maji sakafuni. Nilimfokea mpaka akajificha nyuma ya mlango. Usiku, nilipokwenda kumfunika, aliniuliza, "Mama, mbona ukiwa kanisani unaongea kama mtu anayeumwa?"

Rafiki yangu wa tangu zamani ananiambia niache kujitesa. Kwamba Mungu aliniumba hivi, nijikubali, na asiyenipenda nilivyo aende zake. Maneno hayo ni matamu, lakini kila nikiyasikia ninauona ule mkoba ukifunguliwa na kufungwa. Ndiyo maana ninakuuliza, Mama: je, kukua katika tabia ya Kristo ni kuacha kuwa mimi? Na kama sivyo, nitajuaje kipi ni mimi na kipi ni dhambi yangu?

Mhazini Aliyenyamaza

Jibu

Asifiwe milele, mwanangu. Marahaba.

Barua yako inazungumzia sauti tangu mwanzo hadi mwisho: sauti kubwa, sauti ya chini, sauti ya mwenyekiti, sauti ya mtu anayeumwa. Nilipoirudia mara ya pili niliyaweka kando yote hayo, nikayatazama matukio mawili tu, la orodha na la sare, nikajiuliza ni nani aliyekuwa mbele yako katika kila tukio. Katika lile la kwanza alikuwa mwanamke ambaye hakuwa na cha kukufanya. Katika la pili alikuwa mtu unayemhofia na ambaye sifa yako njema i mikononi mwake. Ukweli wako ulimfikia yule mnyonge ukiwa na makelele, na kwa yule mwenye nguvu haukufika kabisa.

Utaniambia kwamba kati ya matukio hayo mawili ulikuwa umeonywa, na ni kweli, nami silisahau. Lakini jiulize jambo hili ukiwa peke yako: kama siku ile ya orodha mwenye deni la miezi 3 angekuwa mwenyekiti mwenyewe, ungelisoma jina lake kwa namna ile, na kuongeza lile neno la maelezo badala ya mchango? Nadhani ungemfuata pembeni baada ya kikao. Kama ni hivyo, basi tangu wakati ule hukuwa mtu wa kusema kweli kwa watu wote kama ulivyojidhania, na kilichokuwa kinahitaji kuponywa ndani yako hakikuwa ukubwa wa sauti yako. Kilikuwa ni dharau kidogo kwa aliye chini na woga mwingi kwa aliye juu. Ulipojifunza kunong'ona, vyote viwili vilibaki mahali pale pale, isipokuwa woga sasa ulikuwa umepata vazi zuri la kuvaa kanisani, hata watu wakausifu.

Ninakuandikia hivi kwa sababu ninakupenda, na kwa sababu swali lako la mwisho ni zito, na watu wengi hulibeba miaka mingi bila kumwuliza mtu. Wengine huacha wokovu kwa ajili yake. Huchoka kuigiza, wakadhani wamechoka na Kristo.

Kiswahili kina neno hulka na kina neno tabia, nasi katika mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Hulka ni yale uliyozaliwa nayo: wepesi wa kusema, kicheko kinachovuka ukuta, jicho linaloona mara moja hesabu isiyolingana. Tabia ni kile ambacho mtu amekifanya na hulka yake kwa kurudia siku baada ya siku, mpaka kikawa njia iliyokanyagwa ambayo miguu huifuata bila kuulizwa. Watu wawili wenye hulka moja wanaweza kuwa na tabia mbili zilizo mbali kabisa. Huyu na wepesi wake wa kusema amekuwa mchongezi, na yule kwa wepesi ule ule amekuwa mtetezi wa wasio na msemaji.

Katika Waebrania 1:3 imeandikwa kwamba Mwana ni "chapa ya nafsi" ya Mungu. Neno la Kiyunani lililo nyuma ya hiyo chapa ni *charakter*, nalo halionekani mahali pengine popote katika Agano Jipya. Ndilo lililozaa neno ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitumia hadi leo kwa maana ya tabia ya mtu. Zamani lilitumika kwa alama inayogongwa juu ya sarafu. Sasa ifikirie hiyo sarafu. Iliyo ya shaba ikigongwa chapa hubaki shaba, na iliyo ya dhahabu hubaki dhahabu. Kinachobadilika ni uso unaoonekana juu yake. Wewe ulimwona mwenyekiti wako, madini mengine kabisa, mwenye chapa ya Bwana kwa namna yake, ukadhani kwamba kazi yako ni kubadili madini. Hiyo ni kazi ambayo Mungu hakukuagiza, ndiyo maana imekuchosha hivyo.

Sitasema kwamba kuiga ni kosa. Paulo aliwaandikia Wakorintho, "Mnifuate mimi kama mimi ninavyomfuata Kristo," na hakuna aliyekua katika imani bila kumtazama aliyemtangulia. Nami nilipokuwa msichana, nikifundisha watoto kanisani, nilimpenda mama mmoja mwombaji kiasi kwamba nilianza kuvuta maneno kama yeye, na hata kukohoa kidogo katikati ya sala kama alivyokohoa yeye. Miaka mingi baadaye nilijua kwamba kile kikohozi kilikuwa ugonjwa wa kifua. Nilikuwa nimechukua maradhi yake, nikaacha saa zake za alfajiri, ambazo ndizo zilizomfanya awe alivyokuwa. Kwa mwenyekiti wako iga jinsi anavyosubiri kabla ya kujibu, kama kweli katika kusubiri huko anawaza na kuomba. Koo lake mwachie mwenyewe.

Sasa nirudi kwenye lile andiko ulilosomewa, kwa sababu naona limekukaa moyoni kama hukumu. Mstari unaolitangulia, wa 3, unazungumzia kujipamba kwa nje: kusuka nywele, kujitia dhahabu, kuvalia mavazi. Ndipo mstari wa 4 unapoleta kinyume chake, yaani "utu wa moyoni usioonekana". Tafadhali litazame neno hilo, usioonekana. Utulivu anaousifu Petro haupimwi kwa macho yaliyofumbwa wala kwa tabasamu lisiloonyesha meno, kwa kuwa hivyo vyote vinaonekana, na kwako vimekuwa pambo la nje sawasawa na dhahabu. Mtu aweza kucheka kwa sauti huku moyo wake ukiwa umetulia mbele za Mungu kama maji ya mtungini, na mwingine aweza kunong'ona huku ndani akichemka. Wewe unajua hivyo kuliko mimi, kwa sababu ulitoka kwenye kunong'ona ukaenda kumfokea mtoto.

Tena mkumbuke aliyeliandika. Petro ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote kusema na kutenda: alimkemea Bwana wake, aliapa kwamba hatamwacha, alichomoa upanga akamkata sikio mtumwa wa Kuhani Mkuu. Hakufanywa mtu wa kunong'ona. Siku ya Pentekoste ni yeye yule aliyesimama na kupaza sauti mbele ya umati, na kinywa kilichokana mara 3 kikatangaza bila kuuma maneno. Hulka ilibaki na chapa ikagongwa.

Hata hivyo hakumaliza kukua siku ile, na hapa ndipo penye faraja kwako. Wagalatia 2 inatuambia kwamba huko Antiokia Petro alikuwa akila pamoja na watu wa mataifa, lakini walipofika watu fulani kutoka kwa Yakobo akajitenga, "akiwaogopa waliotahiriwa", na wengine wakamfuata katika unafiki ule, hata Barnaba. Angalia mpangilio wa maneno: woga ulitangulia, unafiki ukafuata. Mnafiki kwa Kiyunani cha asili ni mwigizaji wa jukwaani, mtu anayesema maneno ya mwingine nyuma ya kinyago. Petro hakuwa amepanga kumdanganya mtu. Alitaka tu watu wasimfikirie vibaya. Basi alifanana nawe na daftari lako mapajani. Naye Paulo alishindana naye uso kwa uso mbele ya wote, kwa kuwa kosa lenyewe lilitendwa mbele ya wote na lilikuwa likiwapotosha wengi.

Kisa hicho kiliwasumbua wazee wa kale wa Kanisa. Mwishoni mwa karne ya 4 na mwanzoni mwa karne ya 5, Yeronimo, mfasiri wa Biblia kwa Kilatini aliyeishi Bethlehemu, na Augustino, askofu wa Hipo huko Afrika Kaskazini, waliandikiana barua nzito juu yake. Yeronimo alishikilia kwamba Petro na Paulo hawakugombana kweli, kwamba ulikuwa mwigo uliofanywa kwa faida ya waliowasikiliza, kwani aliona vigumu kwamba mtume amkemee mtume mwenziwe. Augustino alikataa. Alisema kwamba tukikubali uongo mmoja wenye faida ndani ya Maandiko, hatutabaki na pa kusimama. Petro alikosa kweli, Paulo alimwonya kweli, na Petro alionyeka kweli. Mimi nasimama na Augustino, na ningependa nawe usimame naye. Amani inayolindwa kwa kuigiza, hata wanaoigiza wakiwa watakatifu, humgharimu mtu fulani ambaye hayupo kikaoni. Kwenu wanaolipa ni wagonjwa na yatima.

(Yeronimo mwenyewe alikuwa na kalamu kali kuliko ulimi wako, na hakuishiwa ukali kwa haraka. Mungu alimtumia hivyo hivyo. Lakini nikisoma habari zake huwa nawahurumia waliokuwa karibu naye, wala sikutakii hayo.)

Rafiki yako anayekwambia ujikubali ameona nusu ya jambo. Ni kweli kwamba Mungu ndiye aliyekuumba na ulimi mwepesi, na ni kweli kwamba si kazi ya kanisa kuufuta. Lakini neno "nilivyo" lina mambo mengi ndani yake, na si yote yaliyoumbwa na Mungu. Dharau hukuumbwa nayo. Uliiokota njiani, pengine kwa watu waliokusifu kila uliposema neno lililowachekesha wengine kwa gharama ya mtu mmoja. Siku ile watu walicheka kidogo, umeandika, na nadhani kile kicheko ndicho ulichokuwa ukikitafuta ulipoongeza lile neno la maelezo. Deni lilikuwa kweli, ila ile nyongeza ilikuwa yako, kwa ajili yako. Hapo ndipo ninapoona mpaka kati ya hulka na dhambi, mara nyingi katika neno moja la ziada.

Nikupe mfano mwingine, nao ni wa Martha. Wengi huishia Luka 10, pale anapoambiwa, "Martha, Martha, unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi," na kutokea hapo huhubiri kwamba Martha alipaswa kuwa Mariamu. Nakuomba ufungue Yohana 12, karamu iliyoandaliwa Bethania siku 6 kabla ya Pasaka. Mariamu yuko miguuni pa Yesu na marhamu yake, na Martha anatumikia. Bado anatumikia! Hakuna aliyemtoa kwenye kazi zake. Kilichokosekana safari hii ni lile lalamiko juu ya ndugu yake, ule mfadhaiko uliomfanya aingie na kumwuliza Bwana kama haoni vibaya ameachwa kutumika peke yake. Kati ya sura hizo mbili alikuwa amezika ndugu, akamwambia Yesu uso kwa uso kwamba angalikuwapo Lazaro asingalikufa, na katika mazungumzo yale yale akakiri kwamba yeye ndiye Kristo. Msema kweli kama wewe! Na Bwana hakumwambia anyamaze.

Upole ulio katika tunda la Roho, Wagalatia 5, ni neno ambalo nimeona watu wengi wakilielewa vibaya. Wayunani waliweza kulitumia neno la ukoo huo kwa mnyama aliyefugika, kama farasi ambaye sasa husikia hatamu. Nguvu zake zote angali anazo. Kilichoongezeka ni kwamba zina mwelekeo na zina mwenyewe wa kuziongoza. Na Hesabu 12:3 inamwita Musa mpole sana kuliko wanadamu wote, yule yule aliyesimama mbele ya Farao na kumwambia awaachie watu waende zao. Siku ile kikaoni ungekuwa mpole kama ungesema, kwa sauti yako ya kila siku, "Mama, fedha hizi zina wenyewe." Kusema "ni sawa tu" hakukuwa upole. Kulinifanya nimkumbuke yule mwana katika Mathayo 21, aliyeambiwa na baba yake aende shambani akajibu vizuri, "Naenda, Bwana," asiende. Ndugu yake alijibu vibaya, kisha akatubu akaenda, na Bwana alipowauliza waliomsikiliza, wakamtaja huyo kuwa ndiye aliyefanya mapenzi ya babaye. Sikuhimizi ujibu vibaya. Ila ujue kwamba jibu zuri halihesabiwi kuwa tunda.

Juu ya mwenyekiti wako nitasema machache, kwa kuwa sijamsikia yeye. Alipokuita faragha badala ya kukuumbua alitenda vema, na kuhusu yule dada alikuwa na haki ya kukuonya. Lakini kumwambia mtu kwamba ulimi wake haujaokoka ni neno kali, hata likisemwa kwa sauti laini, na umelibeba miaka 2. Usimchukie kwa hilo. Liweke tu akilini, ili ujue kwamba sauti laini nayo huumiza, na kwamba usalama wa jirani yako haumo kwenye koo lako.

Basi ufanye nini? Anza na yule dada, kabla ya sare, kabla ya mwenyekiti. Mwendee mahali asipoona haya kukupokea, usimvizie mlangoni baada ya ibada mbele ya watu. Mwambie kwamba ulimdhalilisha, na kwamba lile neno la maelezo uliliongeza ili watu wacheke. Usimweleze kwamba hukujua habari za mume wake. Hiyo ni kweli, lakini itasikika kama kujitetea, naye atalazimika kukufariji. Usimwombe arudi kikundini. Mchango usiutaje kabisa. Akikasirika, mwache akasirike, maana amekuwa na hasira hiyo kwa miaka 2 bila mtu wa kumpa. Nataka uende kwake kwanza kwa sababu ukimwendea mwenye cheo kabla yake, utakuwa umetubu woga wako na kuiacha dharau pale pale ilipokuwa.

Kisha umwendee mwenyekiti, wewe na yeye peke yenu, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18:15, nawe ubebe daftari. Anza na kosa lako mwenyewe: "Mama, siku ile niliposema ni sawa, sikusema kweli. Niliogopa." Halafu mfungulie ukurasa wa mwaka uliopita, umwonyeshe kiasi kilichokopwa na pale panapopaswa kuandikwa marejesho palivyo patupu. Usiongeze neno. Huo ndio uwe mfungo wako wa mwaka huu, mwanangu: kuacha lile neno la ziada. Sema lililo kweli kwa sauti uliyozaliwa nayo, ufike mwisho wa sentensi, usimame hapo. Ukihisi lile jingine linakuja, lile ambalo lingewachekesha watu kama wangekuwapo, limeze. Litakuwa chungu kwa miezi kadhaa, kisha utashangaa kuona kwamba haliji tena mara kwa mara kama zamani. Hivyo ndivyo tabia inavyokua, polepole hivyo, na mara nyingi wa mwisho kuona ni mwenyewe.

Asipokusikia, Bwana alikwisha kusema hatua inayofuata, kwamba umchukue mtu mmoja au wawili. Kanisa lenu lina viongozi wanaosimamia fedha, nao wana haki ya kuliona daftari. Usiogope kuonekana mchochezi. Paulo, alipokuwa akisimamia mchango wa watakatifu, aliwaandikia Wakorintho katika 2 Wakorintho 8 kwamba anajihadhari mtu asije akamlaumu juu ya fedha zile, akitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia, na kwa ajili hiyo hakuzishughulikia peke yake. Walipokuchagua walisema kwamba mtu asiyejua kuficha maneno hawezi kuficha fedha. Walichagua hulka yako kwa kazi hiyo, nayo kazi ingali yako.

Kicheko chako kirudishe, wala usingoje kuruhusiwa.

Amebaki binti yako. Mwombe radhi kwa ajili ya yale maji, ukae naye mpaka aone kwamba hujaharakishwa na kitu. Na swali lake ulijibu, kwa sababu aliuliza kweli na bado anangoja. Mwambie kwamba hukuwa unaumwa, ulikuwa unaogopa. Mtoto wa miaka 8 anajua kuogopa ni nini, na pengine atakuuliza ulikuwa unamwogopa nani. Hilo nalo mjibu.